Baridi Nayo ni Kiangazi

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi wa shule moja ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, Dodoma, siku ya kupanda miti, mwezi Januari

Mbukwenyi!

Shikamooni wazee wangu. Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, akina mama mlioacha palizi asubuhi hii mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi mlioshika majembe tangu alfajiri, asanteni sana.

Nina deni hapa. Mwaka jana nilipokuja kuzungumza nanyi, msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini Dodoma tusipande ile miti ya kijani tunayoiona kwenye picha za theluji? Kama inavumilia barafu, itashindwaje na jua?" Wenzake walicheka. Mimi nilimjibu kwa sentensi mbili kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, nikapanda gari nikaondoka. Njia nzima hadi mjini swali lile lilinikaa kichwani. Lilikuwa swali zuri kuliko jibu nililolitoa, na leo nimeomba muda wote niliopewa nimjibu yeye, nanyi mkiwa mashahidi.

Kabla sijaanza, tazameni kitu hiki mkononi mwangu. Kinaitwa koni, na ndicho kikapu cha mbegu cha mti wenyewe. Niliiokota Joensuu, mashariki mwa Ufini, nilipokuwa huko kusomea mambo ya misitu. Mbegu zake zilikwisha kuruka na upepo kabla sijaiokota, na nilihakikisha hivyo, maana mtu wa misitu haingizi mbegu ya kigeni nchini kwa kuificha mfukoni. Mnaona magamba yake yamefunguka, yametanuka kama ua? Sasa naitumbukiza kwenye glasi hii ya maji. Binti, njoo. Ndiyo, wewe uliyeuliza. Keti hapa mbele, ushike glasi, uweke kijiwe juu ya koni isielee. Tutaiangalia tena nikimaliza.

Tuanze na jina. Vitabu vyetu vinauita msonobari. Mafundi seremala wanasema paini, na sidhani kuna mzazi hapa aliyejenga nyumba ya bati bila kununua mbao za paini. Hizo zinatoka Sao Hill kule Mufindi, na mashamba ya Njombe, na mti wake asili ni milima ya Mexico. Huo siuzungumzii leo. Ninayemzungumzia ni ndugu yake wa kaskazini kabisa, ambaye Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alimwandika kitabuni mwaka 1753 kwa jina la Pinus sylvestris. Waingereza humwita msonobari wa Uskoti. Wafini humwita mänty.

Duniani kuna aina zaidi ya 100 za misonobari, na hakuna iliyotandaa mbali kama hii. Ukianzia Uhispania na Uskoti upande wa magharibi, ukaenda mashariki ukivuka Ulaya yote na Siberia, unakaribia Bahari ya Pasifiki ukiwa bado unakutana nao. Kaskazini mwa Norwe unafika latitudo ya nyuzi 70. Shina lake chini ni kijivu na kahawia, gamba nene lililopasukapasuka, lakini ukiinua macho juu linakuwa jembamba na rangi ya chungwa, na jua la jioni likilipiga unadhani mti una moto ndani. Majani ni sindano zinazotoka mbili mbili, zimejipinda kidogo, rangi ya kijani yenye ubluu. Unafika mita 30 na zaidi. Na unaishi: huko Ufini ya mbali kaskazini umepatikana mti uliopita miaka 700.

Sasa swali. Kama unavumilia barafu, utashindwaje na jua?

Binti huyu aligusa jambo kubwa kuliko alivyodhani. Sisi tukisikia baridi tunafikiria mwili unaotetemeka, kama upepo wa Juni na Julai hapa unavyotuingia shingoni alfajiri. Mti hautetemeki. Shida yake kwenye baridi kali ni maji. Udongo ukiganda, maji yamo, mizizi imo, lakini maji yamekuwa jiwe na mzizi hauwezi kunywa jiwe. Wakati huohuo juu upepo unavuma, na kuelekea mwisho wa majira ya baridi jua linarudi na kung'aa juu ya theluji, linavuta unyevu kutoka kwenye majani. Mti unapoteza maji juu na haupati chini. Ndugu zangu wa Dodoma, hali hiyo si tunaijua? Ndiyo Septemba yetu. Kwa mti, baridi kali nayo ni kiangazi.

Kuna mji Siberia unaitwa Yakutsk, na kwenye mchanga wa kandokando yake misonobari hii inaota. Mvua na theluji ya mwaka mzima pale, ukiyeyusha yote ukapima, ni kama milimita 240. Dodoma kwa kawaida tunapata kati ya milimita 550 na 600. Naomba mkae kidogo na tarakimu hizo. Msitu wa kijani mnaouona kwenye picha unaishi kwa maji yasiyofika nusu ya yetu. Nisiwadanganye, lakini: huko jua ni dogo, maji hayakauki haraka, na chini ya ardhi kuna tabaka la barafu lisiloyeyuka linalozuia maji kuzama. Milimita 240 zingeletwa Bahi zisingetosha hata mtama. Hata hivyo mti wenyewe umejengwa kwa kubana matumizi, na ujenzi huo unastahili kutazamwa.

Jani la sindano lina eneo dogo la kupigwa na upepo. Limepakwa nta. Matundu ya kupumulia yamezamishwa ndani ya ngozi ya jani, hayako juu, kwa hiyo upepo unapita bila kuyafikia vizuri. Mirija inayopandisha maji kwenye shina ni myembamba sana. Wanafunzi wa baiolojia, sikilizeni hapa: maji yakiganda ndani ya mrija, hewa iliyokuwa imeyeyuka humo inajitenga na kuwa viputo. Barafu ikiyeyuka, kwenye mrija mpana kiputo kinakua na kuziba njia, kama hewa inavyoingia kwenye bomba la kijiji na maji yakagoma kupanda. Kwenye mrija mwembamba kiputo ni kidogo, kinamezwa tena na maji, na njia inabaki wazi.

Na seli zenyewe? Barafu ikifanyika ndani ya seli, seli imekufa. Mti unachofanya ni kuruhusu maji yagande nje, kwenye nafasi zilizo kati ya seli. Yakiganda huko yanavuta maji mengine kutoka ndani, na kinachobaki ndani ya seli ni kama sharubati nzito ya sukari ambayo haigandi kirahisi. Seli inasinyaa. Inakauka kwa hiari yake ili isipasuke. Kwa njia hiyo mti unapita chini ya nyuzi 50 za hasi ukiwa hai.

Jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye mti huu, hata hivyo, ni kwamba hausubiri baridi. Nilipofika Joensuu ilikuwa Agosti, watu bado wanaogelea ziwani. Mwalimu wangu alinipeleka msituni akanionyesha ncha za matawi: tayari zilikwisha kuacha kurefuka, vichipukizi vya mwaka unaofuata vimekwisha kufungwa ndani ya utomvu. Nilimuuliza mti umejuaje, maana joto lilikuwa la kuvua shati. Akanionyesha mbingu. Mti unahesabu urefu wa usiku. Kule Juni mchana unafika karibu saa 20, Desemba unabaki takriban saa 5. Joto linaweza kudanganya, linapanda na kushuka, lakini urefu wa usiku haujawahi kumdanganya mtu. Usiku ukianza kurefuka, mti unaacha kukua, unaanza kuweka sukari, unabadilisha ngozi za seli zake. Baridi ya kwanza inapokuja inakuta kazi imekwisha kufanyika. Ukichukua msonobari huohuo ukauweka kwenye baridi kali mwezi Juni, unakufa kwa baridi ambayo Januari ungeicheka.

Na kalenda hiyo imo ndani ya mbegu. Karne ya 19 Mfaransa mmoja, Philippe-André de Vilmorin, alikusanya mbegu za msonobari huu kutoka nchi mbalimbali akazipanda pamoja kwenye shamba lake la Les Barres. Aina moja, udongo mmoja, mvua moja, na bado miti ikatoka tofauti kulingana na kule mbegu ilikotoka. Tangu hapo wapanda miti wa kaskazini wamejifunza kwa hasara kwamba mbegu ya kusini ukiipeleka kaskazini sana inachelewa kujifunga, na baridi inaikuta imevaa nguo za kiangazi. Kwa hiyo siku hizi mpanda miti kule haulizi tu ni mti gani. Anauliza mbegu ya wapi. Sisi tunaponunua miche kitaluni tunauliza bei.

Basi binti, jibu la swali lako ni hili. Msonobari wa kaskazini haushindwi na jua kwa udhaifu. Unashindwa kwa sababu kila ulichonacho kimepangwa kwa dunia nyingine. Hapa Dodoma tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa nzima, kwa hiyo mti wenye kusoma usiku hautapata cha kusoma. Kiangazi chake cha barafu kinakuja mti ukiwa umelala, mwili umepoa, hautumii kitu. Kiangazi chetu kinakuja na joto, mti uko macho, unapumua, unadaiwa maji kila siku kuanzia Mei hadi Novemba. Tena mizizi ya misonobari haifanyi kazi peke yake. Inashirikiana na kuvu za udongoni zinazoiletea maji na chumvi za ardhi, nayo inazilipa sukari. Nchi kadhaa za Afrika zilipoanza kupanda misonobari, miche ilidumaa na kuwa ya manjano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu hizo.

Mbuyu uliopo pale nyuma ya darasa umeshughulikia kiangazi kwa njia iliyo kinyume kabisa. Mpela wetu, ndio mbuyu kwa Kigogo, unadondosha majani yote, unabaki uchi miezi mingi, maji yamo kwenye shina laini kama sifongo, na ukikwangua gamba kidogo unakuta chini yake kijani, maana hata bila majani ngozi yenyewe inaendelea na usanisinuru kidogo kidogo. Msonobari unashikilia majani yake mwaka hadi mwaka kwa sababu majira ya kukua kule ni mafupi mno. Ukisubiri kuotesha mapya kila mara, muda umekwisha. Sisemi upi umefanya vyema zaidi. Ninachosema ni kwamba kila mmoja anazijua siku zake.

Wazee wangu, niruhusuni niingie kwenye jambo la huzuni kidogo.

Mwaka 1867 huko Ufini majira ya baridi yalikataa kuondoka. Mwezi Mei ulikuwa wa baridi isiyo na mfano, mbegu zikachelewa kuingia ardhini, na Septemba baridi ya usiku ikarudi kabla ya mavuno na kuua nafaka shambani. Njaa ya miaka ile, 1866 hadi 1868, iliondoa karibu asilimia 8 ya watu wa nchi ile. Waliobaki wengi walikula msonobari. Walichuna gamba la nje, wakabandua ngozi laini ya ndani, wakaikausha, wakaichoma, wakaisaga, wakachanganya na unga kidogo uliosalia. Huo unga wa gamba wanauita pettu. Nilionjeshwa mkate wake kwenye maonyesho ya utamaduni. Ni mchungu, unakwangua koo. Mama aliyenipa aliniambia bibi ya bibi yake alisimulia kuhusu mkate huo kwa sauti ya chini, kama mtu asimuliaye msiba.

Nikiwa nimeshika kipande kile, nilimkumbuka bibi yangu na neno Mtunya. Vijana, kama hamjalisikia, nendeni nyumbani jioni hii mkaulize. Njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya wageni vilipita Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Bibi zetu nao waliingia porini. Kwa umbali wote huo, watu wawili wasiojuana, mmoja kwenye theluji na mwingine kwenye vumbi, walikimbilia mti mwaka ambao shamba liliwaangusha. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akiita pori la kijiji kuwa eneo lisilo na kazi.

Mengine ya mti huu nitayapitia haraka. Uliwapa watu wa kaskazini lami ya kupaka meli: walichuna gamba miti ikiwa imesimama, ikatoa utomvu miaka kadhaa, kisha wakaikata, wakaipanga kwenye shimo kama tanuri la mkaa, wakaifunika kwa majani na udongo na kuichoma polepole mpaka lami itiririke chini kwenye pipa. Meli za mbao za Ulaya zilitegemea lami ya Ufini na Uswidi kwa muda mrefu sana. Na vigogo vya msonobari vilivyozama kwenye maziwa ya kaskazini havikuoza, hivyo wataalamu wameunganisha pete za mwaka za mti mmoja na mwingine wakapata kumbukumbu ya zaidi ya miaka 7,000, mwaka mmoja mmoja, wakisoma ni kiangazi kipi kilikuwa cha joto na kipi cha baridi. Ningeweza kukaa hapo hadi jioni. Lakini kilichonileta ni Uskoti.

Nchi hiyo ndiyo iliyoupa mti huu jina lake la Kiingereza, na mwaka 2014 iliutangaza kuwa mti wa taifa. Zamani misitu yake ilifunika milima ya kaskazini mwa nchi. Leo imebaki karibu asilimia 1 ya ile ya kale. Ilikatwa kwa mbao, ikachomwa, ikageuzwa malisho ya kondoo. Habari ya namna hiyo mmeisikia mara nyingi. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo haisemwi sana. Hata mashoka yalipotulia, misitu iliyobaki iliendelea kufa. Miti mikubwa ilisimama, inazaa koni, upepo unatawanya mbegu, mbegu zinaota. Na hakuna mche uliovuka urefu wa goti. Kulungu wekundu walikuwa wamekuwa wengi mno, mbwamwitu waliowapunguza walikwisha kuuawa wote zamani, na watu wenye mashamba makubwa waliwapenda kulungu kwa ajili ya kuwinda. Kila mche uliochungulia juu ya nyasi ulikatwa ncha kwa meno.

Hebu fikirini kijiji chenye wazee peke yake. Kila mwaka watoto wanazaliwa, na hakuna hata mmoja anayefika darasa la kwanza. Ukipita barabarani utaona kijiji kina watu, utasema ni kizima. Misitu ile ilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na wapita njia wakaipiga picha kwa uzuri wake.

Waliogundua walianza kuweka uzio. Ndani ya uzio misonobari midogo ikaja yenyewe, minene kama manyoya, bila mtu kupanda. Baadaye sehemu kama Glenfeshie waliamua jambo gumu zaidi: wakapunguza kulungu wenyewe kwa wingi, na leo miche inapanda milima bila uzio. Uamuzi ule ulileta ugomvi mkubwa kati ya majirani. Sikuona mtu hata mmoja aliyeniambia ulikuwa mwepesi.

Sisi nasi tunalo letu. Wazee mnaikumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza 1973. Kondoa ilikuwa imekatika makorongo ya kumeza nyumba. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, na bado ardhi ikaendelea kuondoka. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Ndani ya miaka michache nyasi zikarudi, vichaka vikarudi, miti ikarudi. Ardhi haikuwa imekufa, ilikuwa inaliwa. Nasema hivyo nikiwa na uchungu pia kwa wenye ng'ombe, maana wao ndio waliolipa. Ng'ombe walipelekwa kwa ndugu mbali, watoto wakakosa maziwa, mashamba yakakosa samadi, mpaka baadaye waliporuhusiwa kufuga bandani. Kama kuna kosa lililofanyika pale, ni amri kuja kabla ya mazungumzo. Naamini wenye mifugo wa leo wanaweza kuamua wenyewe, kwenye mkutano wa kijiji, sehemu gani ipumzike na kwa muda gani.

Na tuna bahati ambayo msonobari hauna. Msonobari ule ukikatwa shina, umekwisha. Kisiki chake hakichipui, tumaini lote liko kwenye mbegu. Miti yetu mingi haiko hivyo. Hapo uwanjani mnapocheza mpira, ule mnaouita mwiba wa kusumbua unaochomoza kila mwaka na kufyekwa kila mwaka, chimbeni pembeni yake mtakuta mzizi mnene kama paja. Ni mkungugu wa miaka mingi uliokatwa kabla hamjazaliwa, na bado unajaribu. Kazi ya kisiki hai, inayofundishwa vijijini mwetu na shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa pamoja na wenzao wa Uholanzi, Justdiggit, ni hiyo tu: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa ili kila mpita njia ajue kina mwenyewe, kisha linda. Hakuna kitalu, hakuna ndoo ya maji. Mizizi ilikwisha kufika chini zamani.

Miche mliyoishika leo nayo nataka iishi, kwa hiyo nitasema waziwazi. Miaka michache iliyopita nilipanda miche ishirini kwenye kiwanja cha marehemu baba, mwishoni mwa Machi, kwa sababu ndipo nilipopata likizo. Mvua zetu zinaanza Desemba na kukata Aprili. Niliipa wiki tatu za kujitafutia mizizi kabla ya miezi saba ya jua. Mimi, mtu niliyesimama msituni Joensuu nikaonyeshwa mti unaojifunga Agosti watu wakiogelea. Kumi na nane ilikauka. Miwili ililiwa na mbuzi wa jirani, na jirani hakuwa na kosa, kwa kuwa sikuweka hata tawi moja la miba kuizunguka.

Ndiyo maana nilimwomba Mkuu wa Shule siku hii iwe Januari, na namshukuru alikubali. Ndiyo maana pia mnaona lile rundo la matawi ya miba pale karibu na tangi. Hakuna mche utakaoachwa bila boma lake. Kila mwanafunzi mmoja, mche mmoja na kisiki kimoja. Mche aupande, kisiki akitafute mwenyewe kwenye eneo la shule, akifunge kitambaa. Wazazi wenye mbuzi, tukimaliza naomba tukae pale chini ya mbuyu, si kwa amri, tuzungumze mifugo ipite upande gani mpaka Desemba.

Binti, sasa toa koni yako.

Inueni macho mwone. Imefunga. Magamba yote yamelala, huwezi kupitisha hata ukucha. Koni hii imekufa miaka mingi, haina uhai hata kidogo, na bado ikilowa inafunga na ikikauka inafungua, kwa sababu kila gamba lina tabaka mbili na la nje linavimba kwa maji kuliko la ndani. Mama yake aliijenga ijue kwamba mbegu isitoke siku ya mvua, ikalowa na kuangukia miguuni pake. Itoke siku kavu yenye upepo, iende mbali.

Ichukue, ni yako. Iweke dirishani darasani kwenu. Kwa jua hili, kesho mchana itakuwa imefunguka.

Haya, majembe.